Kilo 61: Uchambuzi wa mzigo mmoja kutoka Donholm hadi Minneapolis

Tikiti iliruhusu kilo 53: masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, na begi la mkononi la kilo 7. Mzigo uliofika kaunta ya JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, usiku ule ulikuwa kilo 61. Kilo nane zilizozidi zilishughulikiwa sakafuni, foleni ikisubiri nyuma, na karibu kila tatizo lililompata msafiri kuanzia hapo hadi Minnesota lilianzia kwenye ile sakafu.

Kisa hiki kilitufikia ofisini baada ya safari, kakake msafiri alipoleta makaratasi akitaka kusaidiwa kuandika barua ya madai. Kazi yetu ni kukata tikiti, lakini ukikata tikiti katikati ya jiji la Nairobi huepuki kuwa pia mwandishi wa barua za mizigo. Familia imeniruhusu kukisimulia, majina nimeyaacha. Shirika la ndege nalo silitaji, kwa kuwa ninachochambua hapa ni jinsi mzigo ulivyopangwa, kisha ukapanguliwa.

Msafiri ni binti wa Donholm aliyekuwa anakwenda kuanza shahada ya uzamili, muhula wa Januari. Njia yake ilikuwa Nairobi, uwanja mmoja wa Ghuba, Chicago, kisha Minneapolis, yote kwa tikiti moja.

Mpango wa kwanza ulikuwa mzuri

Hili nalisema mapema kwa sababu ndugu zake wamekuwa wakimlaumu kwamba hakujipanga. Alijipanga. Siku mbili kabla ya safari alikuwa amemaliza. Sanduku la kwanza, jipya kutoka Kamukunji, lilikuwa na kilo 21. La pili, jeusi, aliloazima kwa mjomba, kilo 20. Begi la mkononi kilo 6. Aliyapima yote kwenye mizani ya duka la nafaka mtaani kwao, na mwenye duka hakumtoza chochote.

Ndani ya begi la mkononi alikuwa ameweka faili la makaratasi: fomu ya I-20 kutoka chuoni, barua ya kukubaliwa, vyeti halisi, karatasi za chanjo. Pawabenki ilikuwa humo humo, pamoja na nguo za kubadilisha. Tarakilishi ilikuwa kwenye begi lake dogo la mgongoni. Jaketi zito la baridi, mtumba safi kabisa wa Gikomba, lilikuwa limekunjwa ndani ya sanduku la kwanza.

Mtu aliyepanga hivi amejibu maswali mawili kwa mpigo. La kwanza ni uzito. La pili, ambalo wengi hawalitaji kwa sauti, ni hili: kitu gani nikitengana nacho kwa siku tatu nitakwama? Makaratasi, dawa, chaja na nguo za siku moja ndivyo vinavyokaa mkononi, hata kama ni vizito. Unga, vitabu na viatu vinakaa chini, hata kama ni vyepesi. Jumla yake ilikuwa kilo 47. Alikuwa na nafasi ya kilo sita na roho yake ilikuwa imetulia.

Jumamosi ya kuagana

Kisha watu wakaja kumuaga.

Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa sana. Mtu akienda ng'ambo, yeye ndiye posta. Mama mdogo alileta pakiti nne za unga wa wimbi, kilo mbili mbili, za bintiye aliye St. Paul. Jirani alileta majani ya chai. Mmoja wa mabinamu alileta kiondo cha mistari ya zambarau na kijani, akakisokomeza kwenye sanduku jeusi yeye mwenyewe. Shangazi naye alileta furushi lililofungwa kwa kitenge na kushonwa kwa uzi mdomoni.

"Ni kitu kidogo tu cha mwanangu," alisema. "Wala hakina uzito."

Kilikuwa na kilo moja na nusu, lakini uzito haukuwa tatizo lake. Tatizo ni kwamba kilikuwa kimeshonwa, na hakuna mpwa wa Kiafrika anayemwomba shangazi yake afumue uzi mbele ya wageni. Hadi saa tatu usiku kilo 47 zilikuwa zimefika 61, na hakuna aliyepima tena. Duka la nafaka lilikuwa limefungwa.

Ningeweza kusema hapa kwamba asikubali mizigo ya watu. Ni ushauri rahisi kuutoa na hautekelezeki. Kinachowezekana ni kutangaza mapema, kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp, ikiwezekana kupitia kwa mama mwenyewe, kwamba nafasi iliyobaki ni kilo sita, vitu viletwe vikiwa wazi, na mwisho ni Alhamisi. Mzazi akitangaza, watu huona ni utaratibu wa nyumbani. Kijana akitangaza, ataambiwa ameanza kuringa kabla hata hajapanda ndege.

Sakafuni

Walipofika uwanjani walifanya jambo ambalo naliona kila mara: walilipia masanduku yafungwe kwa plastiki kabla ya kupimwa. Plastiki hiyo ilidumu kama robo saa hivi.

"Dada, hii ina 26," mhudumu alisema. La pili likawa 24. Halafu akanyoosha kidole kwenye begi la mkononi. "Na hilo pia, tafadhali." Likawa 11.

Wakaanza kukata plastiki kwa funguo za nyumba. Kakake akachukua usukani, na hapa nitakwenda polepole kwa sababu ndipo penye kisa chenyewe.

Cha kwanza alichofanya ni kutafuta vitu vizito vya kurudi navyo nyumbani. Akatoa jaketi, kilo mbili. Akatoa buti, kilo moja na nusu. Akatoa vitabu viwili, kilo mbili na nusu. Jumla kilo sita, na zote zilikuwa za msafiri mwenyewe. Hakuna hata gramu moja ya vitu vya watu iliyorudi Donholm. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto. "Mama mdogo angesema nini?" Kwa hiyo binti akapanda ndege ya kwenda Minnesota mwezi wa Januari bila jaketi, akiwa na kilo nane za wimbi.

Kilo mbili zilizobaki alizihamishia kwenye begi la tarakilishi, ambalo halikupimwa. Hilo halikuwa kosa. Kosa lilitokea wakati wa kurudisha. Begi la mkononi lilikuwa limemwagwa lote chini, na vitu vya mabegi matatu vilikuwa vimechanganyika kwenye vigae. Pakiti moja ya wimbi ikaingia begi la mkononi kwa sababu sanduku la kwanza lilikuwa bado limezidi. Faili la makaratasi likaingia sanduku jeusi kwa sababu ni bapa, linalala vizuri juu ya nguo. Pawabenki ikalifuata, imo ndani ya soksi. Dawa ya pumu iliponea kwa bahati tu: ilikuwa mfukoni mwa suruali.

Mizani ikasoma 23, 23 na 7. Mhudumu akatabasamu, lebo zikafungwa, na kila mtu akapumua.

Kwa mizani, kazi ilikuwa imekwisha na ilikuwa safi. Lakini lile swali la pili, la kitu gani kisitengane na mwenyewe, lilikuwa limefutwa lote. Mzigo uliopangwa kwa utulivu kufuata hatari ulipangwa upya kwa haraka kufuata kilo, na aliyeupanga upya si aliyeupanga mwanzo. Hilo ndilo ninalolishikilia katika kisa hiki. Uzito kuzidi ni jambo la kawaida na dawa yake ni pesa au kuacha kitu. Kumwaga begi la mkononi sakafuni ndiko kulikomtia hasarani. Begi lile lingezidi kwa kilo nne na bado lisifunguliwe, afadhali kingetolewa kitu kimoja kizima kutoka sanduku la chini.

Hesabu ambayo hakuna aliyeipiga

Mashirika mengi yanayohesabu mizigo kwa idadi ya vipande hutoza ada moja kwa kila sanduku lililovuka kilo 23, mradi lisizidi 32. Hiyo 32 ni mpaka wa afya ya wapakiaji, na kuivuka kwa kawaida hakununuliki. Maana yake ni kwamba sanduku la kilo 24 na la kilo 31 mara nyingi hulipiwa sawa.

Tazama basi: 26 na 24 ni ada mbili. Lakini 31 na 23 ni ada moja, na pamoja na begi la kilo 7 jumla ni 61 kamili. Mzigo wote, pamoja na wimbi la mama mdogo na furushi la shangazi, ungepita kwa malipo ya sanduku moja. Jaketi lingevaliwa mwilini, kwa sababu nguo uliyovaa haipimwi, na hapo ungebaki hata na kilo mbili za akiba. Ada ya kaunta si ndogo, na kulipia kabla mtandaoni huwa nafuu zaidi, lakini ukilinganisha na bei ya jaketi jipya la baridi Marekani, sioni aliyeokoa chochote usiku ule.

Kuna pia mbinu ya kizamani ninayoipenda: funga mapema mfuko mmoja ambao ndio wa kwanza kutoka. Kilo nne au tano za vitu ambavyo umeshakubali moyoni kwamba vinaweza kurudi nyumbani, viko juu kabisa, na wenyewe wameshaambiwa. Ukifika kaunta mzigo ukazidi, unautoa mfuko, unampa aliyekusindikiza, na hakuna kinachomwagwa chini. Na aliyekusindikiza asiondoke uwanjani kabla lebo hazijafungwa.

Njiani

Pawabenki ndiyo iliyoanza. Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini, kwa sababu moto wa betri huweza kuzimwa juu wanakokaa abiria, mbele ya wahudumu, lakini si kwa urahisi chini kwenye shehena. Mkononi hakuna shida mpaka wati-saa 100 bila kibali. Yake ilikuwa ya mAh 20,000. Zidisha kwa volti 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata wati-saa 74. Ilikuwa halali kabisa, ila mahali pasipo pake. Aliitwa kwa kipaza sauti, akapelekwa kulifungua sanduku jeusi mbele ya afisa, akaitoa. Faili lilikuwa pale pale juu, chini ya kiganja chake. Hakulichukua. Alikuwa anatetemeka na ndege ilikuwa inaita abiria.

Ghuba ilichukua wimbi. Tangu tarehe 30 Juni 2018, kwenye ndege zinazokwenda Marekani, unga au poda ya zaidi ya mililita 350 kwenye begi la mkononi hukaguliwa zaidi, na isipothibitika ni nini haipandi. Pakiti ya kilo mbili, iliyofungwa upya nyumbani kwa mfuko usio na maandishi, haikuwa na namna ya kujitetea. Ingekuwa chini kwenye sanduku isingeulizwa. Tunawaambia wateja wetu wa Marekani hivi: unga chini, betri juu. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu unga ni mali ya thamani na betri ni kitu cha kawaida tu.

Chicago ndiko kulikouma. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anatakiwa kuwa na I-20 mkononi anapofika kwa afisa wa uhamiaji, na uhamiaji huja kabla ya mizigo. Hawezi kusema "subiri nikaitoe". Alipelekwa chumba cha mahojiano ya ziada, akakaa huko akisubiri jina lake liitwe. Rekodi yake ilionekana kwenye mfumo wa kompyuta, kwa hiyo hakurudishwa. Alipewa fomu ya I-515A, ambayo humruhusu mtu kuingia kwa siku 30 huku akituma karatasi zinazokosekana. Ndege ya Minneapolis ikamwacha.

Akaenda kwenye mkanda wa mizigo. Hili nalo huwapotosha wengi: lebo husema mwisho wa safari, lakini kwa kawaida kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani wewe mwenyewe unachukua masanduku yako, unapita nayo forodha, kisha unayakabidhi tena. Sanduku la kwanza alilikuta limewekwa kando ya mkanda. Jeusi halikuwepo.

Forodha walimuuliza kama ana chakula. Akasema ndiyo, nilicho nacho ni chai, unga, na furushi la shangazi ambalo sijui lina nini. Naamini jibu hilo lilimwokoa. Afisa alikata uzi: ndani ya kitenge kulikuwa na nyama iliyokaushwa. Nyama kutoka Kenya hairuhusiwi kuingia, kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo, lakini aliyetangaza huachiwa bila faini, hunyang'anywa tu. Asiyetangaza anaweza kutozwa faini inayoanzia dola 300. Chai ilipita. Wimbi lililobaki lilipita. Kitenge alirudishiwa.

Sanduku jeusi

Alifika Minneapolis usiku na kabla ya kutoka uwanjani akajaza fomu ya PIR, ripoti ya mzigo usiofika. Alipewa namba ya kumbukumbu ya herufi na tarakimu kumi. Vizuri. Stika za risiti za lebo zilikuwa bado nyuma ya kipande cha pasi ya ndege. Vizuri pia, wengi huzitupa.

Kisha akaulizwa sanduku likoje.

Jeusi. La kitambaa. Lina magurudumu.

Hilo ni nusu ya masanduku yote yanayozunguka duniani. Hakuwa amelipiga picha. Hakuwa na orodha ya vilivyomo, kwa kuwa vilivyomo vilibadilishwa sakafuni. Kibaya zaidi, jina lililoning'inia kwenye mpini lilikuwa la mjomba, na ubavuni kulikuwa na vistika vidogo vya mistari vya safari za mjomba, vile ambavyo watu huviacha bila kujua vina kazi. Ni vipande vya lebo vyenye mistari ile ile inayosomwa na mashine. Mtu akiazima sanduku, avibandue vyote, hata kile kilichojificha chini ya gurudumu.

Karani alimuuliza kama kuna kitu ndani kisicho cha kawaida. Akafikiri. "Kiondo," akasema, na ikabidi aeleze: kikapu cha mkonge, mistari ya zambarau na kijani. Sanduku lilipatikana siku ya nne kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, lebo imechanika, na lilitambuliwa kwa kufunguliwa na kulinganishwa na maelezo ya vilivyomo. Kwa hiyo kitu alichokisokomeza binamu bila ruhusa ndicho kilichorudisha vyeti vya shahada. Sitaki kukifanya hiki kuwa ushauri. Karatasi moja yenye jina, simu na anwani ya anakokwenda, ikiwekwa juu ya nguo ndani ya sanduku, ingefanya kazi hiyo haraka zaidi.

Madai

Hapa ndipo tulipoingia sisi. Safari kati ya Kenya na Marekani iko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha fidia ya mzigo kwa abiria mmoja ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Ni kama dola 2,000. Hicho ni kikomo, si zawadi. Unalipwa ulichopoteza au ulicholazimika kununua, kwa risiti. Mwenye vitu vya thamani zaidi anaweza kutangaza thamani yake kaunta na kulipia nyongeza kabla ya kuondoka.

Muda ndio unaowaangusha watu. Sanduku lililochelewa: andika barua ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Sanduku lisiloonekana kwa siku 21 tangu siku lilipopaswa kufika: linahesabiwa limepotea. Sanduku lililoharibika: siku 7. Na ile PIR ya uwanjani ni ripoti, haitoshi kuwa dai. Dai liandikwe kando, na ubaki na nakala.

Barua ya kuchelewa ilifika kwa wakati. Alidai nguo za ndani, suruali moja, sabuni, dawa ya meno na jaketi. Shirika lililipa vyote isipokuwa jaketi, likitaka kujua kama lilikuwa kwenye sanduku lililochelewa. Halikuwa; lilikuwa Donholm, na kakake hakutaka tuandike vinginevyo, jambo ninalomheshimu nalo.

Kulikuwa na gurudumu moja lililong'oka. Dereva alileta sanduku mlangoni jioni, binti akatia saini, akaliingiza ndani akafungua mara moja kutafuta faili, akatuma I-20. Gurudumu aliliona mapema lakini hakulijali mpaka mjomba alipouliza sanduku lake. Barua hiyo ya pili iliandikwa siku ya kumi na moja. Jibu lilikuwa la aya moja, lenye kutaja kifungu cha 31 cha mkataba ule na zile siku saba, na mjomba ameambiwa atanunuliwa lingine.